Jicho la Fundi wa Sur

Wageni wanaofika Sur, pwani ya mashariki ya Oman, hupelekwa kuangalia kiwanda cha majahazi kilicho ukingoni mwa khori, na wengi hurudi na maelezo yale yale: mafundi wa pale hawana ramani wala hesabu, wanajenga kwa macho tu. Husemwa kwa mshangao, na anayesema hukusudia kusifu. Sifa hiyo mimi hainipendezi. Hakuna anayemsifu daktari wa upasuaji kwamba anapasua kwa macho tu. Jahazi lililobeba tani mia na zaidi za tende na papa mkavu, likakaa baharini majuma, likarudi limejaa boriti, halikutoka katika kubahatisha. Kama karatasi hakuna, basi vipimo vimewekwa mahali pengine, na anayetaka kuvijua hana budi kukaa pale kiwandani, avumilie jua na vumbi la mbao, mpaka aanze kuona vimewekwa wapi.

Tuanze chini, kama chombo chenyewe kinavyoanza. Mkuku hulazwa juu ya magogo, ukanyooshwa kwa kamba na timazi, ukaegemezwa pande mbili usiyumbe. Mbele inasimamishwa hanamu, nyuma inasimamishwa fashini. Ni miti mitatu tu, na mpita njia hawezi kukisia itakuwa nini. Lakini fundi mkuu hapo ameshaamua sehemu kubwa ya mambo. Urefu wa mkuku ndio unaozaa upana wa tumbo, upana unazaa kina, na kutokana na hivyo hujulikana mlingoti uwe wa kimo gani na foromali iwe ndefu kiasi gani. Mlalo wa hanamu nao unaeleza chombo kitalipokeaje wimbi. Yote hayo ni uwiano wa kitu kwa kitu. Ukimwomba fundi akutajie uwiano mmoja kwa tarakimu, husita kwanza, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuupokea kwa kutajiwa.

Vipimo ni vya mwili: wanda, shibiri, mkono, pima. Utauliza mkono wa nani, maana mikono haifanani. Mzee ninayependa kwenda kumtazama ana ufito wa mkono mmoja, umelainika kwa kushikwa, umechongwa alama za shibiri na wanda, na kila anayefanya kazi kwenye chombo chake hupimia ufito huo huo. Mkono wake ukiwa mfupi kuliko wa jirani yake, hakuna kinachoharibika. Chombo kizima kimepimwa kwa mkono huo mmoja.

Linalowatatiza wahandisi linakuja baadaye kidogo. Kwa karne kadhaa sasa merikebu ya mbao ya Ulaya imejengwa mbavu kwanza: mataruma yanachorwa, yanakatwa, yanasimamishwa, kisha mbao zinavishwa juu yake. Umbo limeshaamuliwa kabla ubao wa kwanza haujagongwa. Desturi ya Sur, na ya Bahari ya Hindi yote ya magharibi, ilikuwa kuanza na mbao za ubavuni. Zinapandishwa kutoka kwenye mkuku, ubao juu ya ubao, zikishikwa kwa vibano na vipande vya muda, na mataruma huingizwa ndani baadaye, yakifuata umbo ambalo mbao zimeshalifanya. Kwa hiyo umbo la jahazi halipo popote mpaka linapojengwa. Ubao wa kwanza unaamua mwinamo wa ubao wa pili, wa pili unaamua wa tatu, na kosa la ubao wa tatu huenda lisijitokeze mpaka wa kumi, ambapo kulisahihisha ni kubomoa kazi ya majuma mengi.

Ndiyo sababu fundi mkuu hutumia sehemu kubwa ya asubuhi akiwa, kwa macho ya mgeni, hafanyi kitu. Anasimama tezini, anafumba jicho moja, anaufuata ukingo wa ubao kwa jicho la pili mpaka omo. Anachuchumaa. Anazunguka, anakwenda mbali, anageuka ghafla kana kwamba anataka kukifumania chombo kikifanya jambo la siri. Jicho la binadamu, likizoezwa, ni kali mno katika kazi hii moja ya kugundua kinundu kwenye mstari unaopaswa kuteleza. Kinundu cha wanda moja katika urefu wa pima kumi huonekana, ila si kwangu mimi. Mimi huonyeshwa, natikisa kichwa kukubali, na bado sikioni.

Asubuhi moja niliwakuta wakipachika ubao wa msaji wa unene wa vidole vitatu. Ukingo wa ubao wa chini, uliokwisha kukazwa, ulipakwa ngeu. Watu watatu wakaunyanyua ubao mpya, wakaulaza juu yake, wakaukandamiza, wakaushusha tena. Kila palipokuwa na kinundu pameshika rangi nyekundu. Mzee akachukua tezo, chombo ambacho wengine hukitumia kupasulia kuni, akaanza kuondoa ile nyekundu kwa maganda membamba yaliyojikunja kabla hayajafika chini. Kisha ubao ukanyanyuliwa tena. Alama sasa zilikuwa nyingi zaidi, lakini ndogo zaidi, nayo ndiyo dalili njema, kwamba mbao mbili zinagusana sehemu nyingi. Ukashushwa, ukachongwa, ukanyanyuliwa. Jua lilipanda, chai ikaletwa na kupoa. Mwishowe mzee alimtuma kijana aingie ndani ya chombo, yeye akabaki nje kwenye mwanga.

"Unaona nuru?"

"Hakuna, ami."

"Tazama tena, mwanangu. Usitazame haraka."

Kimya kidogo. Kisha sauti kutoka ndani: "Ipo. Karibu na kibano cha nne."

Mzee hakukasirika wala hakusifu. Alikwenda kwenye kibano cha nne akapapasa kwa kidole gumba. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba alikuwa anajua tangu mwanzo nuru ipo pale. Ubao ulikuwa umeshatosha kwa kazi yake. Pengo lile kalafati ingeliziba bila taabu. Aliyekuwa anachongwa asubuhi ile ni kijana.

Msaji huletwa na vyombo kutoka ng'ambo, India na Burma, kwa kuwa Oman haina msitu wa mbao za namna hiyo. Mataruma lakini hayahitaji mti ulionyooka; yanahitaji mti uliopinda kwa kuzaliwa. Mkunazi na mgunga wa mabonde ya bara ndiyo iliyotumika zamani, na mtu wa kuitafuta alikwenda na sura ya chombo kichwani, akatembea mabondeni akitazama matawi mpaka akutane na pindo linalofaa penye tumbo, au kona inayofaa karibu na mkuku. Mti ulioota umepinda una nyuzi zinazofuata pindo hilo. Ukilazimisha ubao ulionyooka kwa kuukata umbo la duara, nyuzi zinakatika na taruma litavunjika siku ya dhoruba. Ujuzi wa fundi unaanza huko, porini, kabla ya msumeno.

Kisha misumari. Kila msumari hutanguliwa na tundu la keke, jembamba kidogo kuliko msumari wenyewe. Keke ya asili huzungushwa kwa uta, mkono mmoja unasukuma na kuvuta, mwingine unakandamiza kwa juu, na tundu lazima liende moja kwa moja mpaka litokee penye taruma. Msumari huzungushiwa uzi wa pamba uliolowekwa mafuta chini ya kichwa chake ili maji yasipate njia. Vyombo vya zamani zaidi havikuwa na misumari kabisa. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi, kama mitepe ya Lamu ilivyoshonwa. Baada ya misumari ni kalafati ya pamba na mafuta katika kila mshono, shahamu iliyochanganywa na chokaa kwa sehemu inayokaa majini, na sifa ya papa kwa sehemu ya juu. Harufu ya sifa nitaipita haraka. Aliyewahi kuinusa anaijua, na asiyeinusa ana bahati.

Jambo nililokuwa nalitafuta kwa muda mrefu ni namna mtu anavyoingia katika ujuzi huu, maana hakuna darasa, hakuna mtihani wa kuandika, na mafundi wenyewe si watu wa maneno mengi. Mzee wangu alifika Unguja utotoni kwa jahazi la mjomba wake, Kiswahili chake kimebaki kile cha bandarini, kifupi na cha amri, kwa hiyo nilimuuliza moja kwa moja: ami, nani alikufundisha?

"Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwepo."

Jibu hilo limenikaa kichwani, ingawa nadhani halikamiliki. Alikuwepo, kweli, lakini kuna mtu aliyepanga awepo wapi, na lini, na mkononi ashike nini. Ukiwafuatilia wanagenzi kwa mpangilio, unaona mpangilio huo ni wa busara kubwa, hata kama hakuna aliyewahi kuuandika. Mtoto huanza kwa kuteka maji, kuandaa kahawa na kuokota misumari iliyopinda ainyooshe. Kazi hiyo inamzungusha kwenye chombo kizima, na anajifunza majina ya kila kitu kwa kuagizwa. Baadaye anashikishwa uta wa keke. Hapo ni mkono unaofundishwa, siku nzima, mpaka ujue tofauti ya msaji uliokauka na ulio mbichi kwa namna tundu linavyokataa.

Kisha anapelekwa kwenye kalafati, na hapa ndipo nilipowavulia kofia waliobuni utaratibu huu, wawe kina nani. Kalafati huhesabiwa kazi duni. Ni ya kulala chali chini ya chombo, pamba masikioni, mafuta machoni. Lakini anayeifanya anapitia kila mshono wa jahazi kwa vidole vyake. Anajua ni ubao upi ulipachikwa na mtu mvivu, maana mshono unameza pamba bila kushiba. Na ni upi ulipachikwa na mtu makini, maana pamba inaingia kwa shida na kukaa. Kwa hiyo kabla kijana hajaruhusiwa kupachika ubao hata mmoja, ameshakwisha kulipa gharama ya makosa ya wenzake kwa miaka kadhaa. Anapofika mwenyewe kwenye tezo, hahitaji kuambiwa kwa nini nuru ni adui. Mstari wa juu kabisa, ule unaolipa jahazi sura yake, huenda asiuguse mpaka awe na ndevu, na wengi hawaugusi kamwe. Wanabaki mafundi wazuri wa tezo maisha yao yote, na hakuna aibu katika hilo.

Sitaki kuupaka asali mfumo huu. Ulikuwa na vibao na makonde. Ulikuwa wa wana na wapwa wa mafundi, si wa yeyote mwenye kipaji, na wasichana hawakuhesabiwa. Fundi mchoyo aliweza kufa na uwiano wake. Shule, pamoja na ubaya wake wote, ina wema wa kuwa mlango ulioandikwa karibu.

Na kama ni kusema kweli ya Sur yote, bandari hii haikujenga vyombo vya tende peke yake. Msimu wa kaskazi manahodha wake walishuka Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji. Kusi ikianza walirudi. Wengi walibeba tende na chumvi wakaja na boriti za mikoko, ambazo mpaka leo zimeshika dari za nyumba za kale za pwani ya Arabuni. Wengine walibeba watu. Katika karne ya 19 Wasuri walikuwa na jina baya Unguja, na Waingereza walipoanza kupekua vyombo, baadhi ya manahodha wa Sur walijipatia hati na bendera za Ufaransa, kwa kuwa Ufaransa haikukubali chombo chenye bendera yake kipekuliwe. Mzozo ulifika mpaka Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, na hukumu ya Agosti 1905 ikaibana haki ya Ufaransa ya kutoa bendera hizo. Jahazi lililopeperusha bendera ile lilipachikwa mbao kwa uangalifu ule ule ninaousifu hapa. Nimetafuta namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili na sijaipata, kwa hiyo nayaacha yakae pamoja.

Aina kubwa ya vyombo vya Sur iliitwa ghanja, yenye shetri iliyochongwa nakshi. Moja ipo bado: Fath al-Khair, iliyojengwa hapo hapo Sur mwaka 1951. Iliuzwa, ikahama mikono, mpaka watu wa Sur wakachanga fedha wakainunua kutoka Yemen mwaka 1993 na kuirudisha nyumbani. Nenda ukaitazame nyakati za jioni, jua likiwa upande wa tezi, na usianze na nakshi. Anza na ukingo wa mbao za ubavuni, uufuate polepole kutoka nyuma kwenda mbele. Aliyeupanga mstari ule hakuwa na penseli.

Wasomi nao wamekuja Sur kujifunza, na bahari imewasahihisha kama inavyowasahihisha wanagenzi. Mwaka 1980 msafiri wa Kiingereza, Tim Severin, kwa msaada wa Sultan Qaboos, alijenga Sur chombo cha kushonwa kwa namna ya zamani, kikaitwa Sohar. Vitabu vya Waarabu wa kale vilitaja vyombo vya kushonwa, lakini kutaja ni jambo moja na kujua kamba ivutwe kwa nguvu kiasi gani ni jambo jingine. Ilibidi washonaji waletwe kutoka visiwa vya Lakshadweep, India, ambako mikono ilikuwa bado inakumbuka. Sohar iliondoka Maskati Novemba 1980 na kufika Guangzhou, China, Julai 1981. Leo imewekwa Maskati, karibu na hoteli ya Al Bustan Palace, na magari huizunguka.

Jaribio la pili halikwenda hivyo, nami nalipenda zaidi kwa sababu hiyo. Huko Ras al-Jinz, kusini-mashariki ya Sur, wachimbuaji walipata mabaki ya lami ya zaidi ya miaka 4,000, yenye alama za matete upande mmoja na viumbe wadogo wa baharini wanaoganda upande wa pili. Yalionyesha kwamba watu wa Magan, kama nchi hii ilivyoitwa na Wasumeri, walisafiri kwa vyombo vya matete vilivyopakwa lami. Wataalamu wakajenga kimoja Sur, kwa uangalifu mkubwa na kwa kufuata ushahidi wote uliopo, na Septemba 2005 kikang'oa nanga kuelekea India. Hakikumaliza siku. Kiliingia maji na kuzama si mbali na Sur, mabaharia wote wakaokolewa. Wale watu wa kale walijua kitu ambacho hakikubaki kwenye lami, labda ni namna ya kuyafunga matete, labda ni mchanganyiko wa lami, na mlolongo wa mikono ulipokatika kiliondoka nao. Kukipata tena ni mpaka kuzama, kuchunguza, na kujenga upya.

Ukitoka Sur ukaingia bara, kilomita zisizofika mia mbili, unafika Ibra, ambako sokoni husikii Kiarabu peke yake. Familia nyingi za Unguja, Tabora na Ujiji zina mizizi hapo na katika vijiji vya jirani, Mudhairib na Al-Qabil, na bibi mmoja akikuuliza "Hujambo, mwanangu?" usidhani amekosea nchi. Huku hakuna bahari, lakini kuna falaj, mfereji wa maji ya mashamba, na falaj ina mafundi wake ambao nao hawakutoka chuo chochote.

Oman ina mifereji hii zaidi ya 3,000 inayotiririka bado. Mitano imeandikwa na UNESCO mwaka 2006 katika Urithi wa Dunia, mmojawapo Falaj Daris ya Nizwa na mwingine Falaj al-Jeela ya upande wa Sur. Kuichimba ni ustadi mkubwa: maji yanatoka chini ya mlima na kwenda kilomita kadhaa kwa kuteremka kidogo mno, maana mteremko ukizidi maji yanakula udongo, ukipungua yanalala. Lakini kinachonivutia zaidi ni kugawana maji yenyewe. Kila shamba lina haki ya muda, na kipimo kinachotumika sana huitwa athar, kiasi cha nusu saa. Mchana muda ulipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa uwanjani, na mawe yakiwa alama. Usiku ulipimwa kwa nyota.

Hebu fikiria kazi hiyo. Zamu yako inaanza nyota fulani inapochomoza juu ya ukingo wa mlima, ikitazamwa kutoka mahali fulani palepale miaka yote. Nyota hazikupangwa kwa nafasi sawa. Kila usiku nyota hiyo inachomoza dakika nne mapema kuliko jana, kwa hiyo nyota ya zamu hii mwezi huu siyo ya mwezi ujao. Kilimia, ambacho mkulima wa kwetu hukitazama kujua msimu, mtu wa falaj alikitazama kujua ni nani aamshwe. Wingu likiingia, lazima ujue nyota za jirani, na nafasi iliyopo baina yao. Na haya yote ufanye mbele ya jirani mwenye usingizi na mtende unaokauka, ambaye ukimpunja kidogo atajua. Hiyo ni elimu ya falaki iliyobebwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuandika neno falaki.

Watoto waliijua kwa kuamshwa usiku na baba zao kwenda kufungua maji. Ndiyo darasa lote. Saa za mkononi zilipoenea, karibu kila kijiji kiliachana na nyota, na sioni sababu ya kuwalaumu. Saa ya mkononi haizuiwi na wingu.

Katika Oman ya kabla ya 1970 njia hii ya kuwepo na kutazama haikuwa hiari. Sultan Qaboos alipoingia madarakani Julai mwaka huo, nchi nzima ilikuwa na shule tatu za serikali zenye wanafunzi 909, wavulana watupu. Nje ya hizo kulikuwa na vyuo vya Qurani, na baada ya hapo ni falaj, ni jahazi, ni duka la mjomba. Kisha wakaanza kurudi watu wa Unguja na Mombasa, wengi wao baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, waliosoma shule, wenye vyeti, Kiingereza na mwandiko mzuri. Nchi iliwahitaji vibaya sana. Wakawa walimu, makarani, wauguzi, wahandisi. Hiyo ni sehemu ya historia tunayopenda kuisimulia barazani. Tusiyoisimulia sana ni kwamba vyeti vile vilituwekea pia namna ya kutazama. Tukiwa tumekaa na kahawa yetu tulimwita fundi wa Sur mtu asiyesoma, wakati aliyoyasoma yapo baharini yakielea na kila mtu anaweza kwenda kuyakagua.

Leo kiwandani kazi ni chache. Wavuvi wanataka boti za faiba, ambazo ni nyepesi na hazihitaji sifa wala kalafati. Majahazi ya mbao huagizwa na wenye fedha wa Ghuba, au hoteli inayotaka kupandisha watalii. Mikono mingi inayoshika tezo ni ya maseremala wa Kerala, watu wa ufundi wa zamani kwao pia, wanaotuma mshahara nyumbani na kuhesabu miezi. Ujuzi wa Sur haujafa. Umehamia kwa watu ambao Sur haikuwazaa, kama zamani msaji ulivyotoka kwa watu hao hao kuja hapa. Ukitaka vijana wa Sur warudi, wape mshahara wa kuishi katika ile miaka ya kuokota misumari. Hotuba za urithi hazilishi mwanagenzi. Wanafunzi wa shule huletwa kwa basi, wanapiga picha mbele ya tezi, wanaondoka kabla mzee hajamaliza kutazama mstari mmoja.

Mjukuu wa mzee wangu amesoma uhandisi na anafanya kazi kwenye kiwanda cha gesi cha Qalhat, jirani tu. Kazi yake ni kukagua mabomba. Ijumaa moja baada ya sala alikuja khorini na kifaa kidogo cha mwanga mwekundu, kinachorusha mstari ulionyooka kutoka omo mpaka tezi, akakisimamisha juu ya kigogo na kumwonyesha babu yake mahali ambapo ukingo wa ubao umeuacha mstari. Nilitega sikio, nikidhani mzee atacheka au atanuna. Alikitazama kifaa kwa muda mrefu, akakizunguka, akakigusa kwa kidole gumba kile kile. Kisha akauliza kinauzwa riali ngapi, na kama kinavumilia chumvi.